Firauni, Farao au Mfalme? Uhakiki wa Tafsiri Tatu za Wanafunzi Wetu

Kila muhula idara yetu huwatoa wanafunzi wa mwaka wa pili darasani kwa siku moja na kuwapeleka mahali ambapo Kiswahili kinasemwa bila kusukumwa na mtihani. Muhula uliopita tuliwapeleka Port Bell, bandari ya Kampala iliyoko Luzira. Jina la bandari ni la Hesketh Bell, Mwingereza aliyeiongoza Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, lakini lugha ya gatini pale si ya Bell, wala si Kiganda peke yake. Mabaharia wa kutoka Mwanza na Kisumu, wapakiaji wa magunia, na wachuuzi wa dagaa, ambao kwetu huitwa mukene, wanaelewana kwa Kiswahili chao, kizuri na kibaya, na kazi inaendelea.

Zoezi tulilowapa lilikuwa la tafsiri. Matini chasili ilikuwa Wimbo Mkuu wa Aten, sala ya Misri ya kale iliyochongwa ukutani katika kaburi la ofisa mmoja aliyeitwa Ay, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, wakati wa utawala wa Mfalme Akhenaten. Wanafunzi waliipata kwa Kiingereza. Tuliichagua kwa sababu wimbo huo unataja mapambazuko, ndege wanaoinuka majini, samaki wanaoruka, na vyombo vinavyopanda na kushuka mto. Tulifikiri kwamba mtu akikaa Port Bell saa moja asubuhi atakuwa na nusu ya msamiati mbele ya macho yake.

Tulikuwa sahihi kuhusu msamiati, lakini mengine tuliyakosea. Zoezi liligeuka mjadala, mjadala ukawa ugomvi, na baada ya alama kutoka mwanafunzi mmoja alikuja ofisini na karatasi yake mkononi akauliza: “Mwalimu, mbona mmenikata alama kwa kumheshimu Mungu wao?” Hatukuwa na jibu siku hiyo. Makala haya ni jibu letu. Yanahakiki tafsiri tatu kati ya zile tulizosahihisha, na yanahakiki usahihishaji wetu pia. Majina ya wanafunzi tumeyaacha.

Usuli wa matini

Kabla ya kuingia katika tafsiri zenyewe, inafaa tukumbushane habari za mfalme huyu, kwani si wasomaji wote wanaoshughulika na historia ya Misri.

Akhenaten alitawala takriban miaka 17, kuanzia kama mwaka 1353 hadi 1336 K.K. Alipoketi juu ya kiti cha enzi aliitwa Amenhotep, wa nne wa jina hilo, na jina lilikuwa la kumsifu Amun, mungu mkubwa wa mji wa Thebes. Makuhani wa Amun walikuwa na mashamba, mifugo, maghala na sauti kubwa katika mambo ya nchi. Katika mwaka wa 5 hivi wa utawala wake mfalme alibadili jina, akajiita Akhenaten kwa ajili ya Aten, duara la jua. Alijenga mji mkuu mpya jangwani, kando ya Nile, mahali ambapo hapakuwa na hekalu la mungu mwingine, akauita Akhetaten. Leo mahali hapo panajulikana kama Amarna. Alihamia huko pamoja na mkewe Nefertiti na binti zao, na baadaye akatuma mafundi wazunguke nchini wakilikwangua jina la Amun mawe kwa mawe. Mahali pengine hata neno la wingi, “miungu”, lilikwanguliwa.

Mahekalu ya Aten hayakuwa na paa. Hapakuwa na sanamu ndani ya chumba cha giza, kwani mungu mwenyewe alikuwa akionekana juu. Katika michoro Aten ni duara lenye miali mirefu, na kila mwali unaishia katika kiganja cha mkono. Jina la Aten liliandikwa ndani ya kile kiduara kirefu ambacho Wamisri walikitumia kulizungushia jina la mfalme.

Baada ya kifo chake mambo hayakudumu. Kijana Tutankhaten alibadilishwa jina akawa Tutankhamun, na mahekalu ya zamani yakafunguliwa tena. Mji wa Akhetaten ukaachwa. Wafalme waliofuata walibomoa majengo ya Aten na kuyatumia mawe yake kujazia kuta zao. Jina la Akhenaten liliondolewa katika orodha za wafalme, na ilipolazimu kumtaja aliitwa adui wa Akhetaten. Kwa Wamisri hilo halikuwa jambo dogo, maana waliamini kwamba mtu ambaye jina lake halitamkwi tena amekufa mara ya pili.

Tafsiri ya kwanza: Firauni

Mwanafunzi wa kwanza, kijana mwenye Kiswahili safi aliyelelewa madrasani, kila alipokutana na neno la “mfalme” aliandika “Firauni”. Kila alipokutana na jina la mungu aliandika “sanamu la jua”. Matokeo yake ni matini nyofu kisarufi na iliyopinda kimaana. Sala imegeuka shutuma. Mtu anayeisoma bila kujua asili yake atadhani kwamba imeandikwa na adui wa Akhenaten.

Hatumlaumu kijana huyu, kwa sababu kosa si lake peke yake. Kiswahili chenyewe kimemwelekeza huko. Neno Firauni tulilipata kwa njia ya Kiarabu na Kurani, na katika lugha yetu halikubaki kuwa cheo. Limezaa “ufirauni”, yaani uovu na ufasiki, na mtu akiitwa firauni mtaani hakuna anayedhani kwamba anasifiwa kwa kujenga piramidi. Neno moja limemeza wafalme wa karne 30, wajenzi na wabomoaji, wazee na watoto, mwanamke Hatshepsut pamoja nao, likawafanya wote kuwa yule mmoja aliyeshindana na Nabii Musa.

Lakini tukiitazama Kurani kwa makini tunaona kwamba yenyewe haifanyi hivyo. Katika sura ya Yusufu mtawala wa Misri anaitwa mfalme. Jina Firauni limewekwa kwa mtawala wa wakati wa Musa. Biblia ya Kiswahili kwa upande wake inatumia Farao kwa wote wawili, yule aliyemheshimu Yusufu na yule aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu, kwa hiyo Farao kwa masikio ya Mkristo ni cheo kinachoweza kubebwa na mtu mwema au mbaya. Basi mwanafunzi wetu, kwa kudhani kwamba anafuata kitabu, alikuwa anafuata mtaa.

Siku ile gatini mzee mmoja mpakiaji wa magunia alisimama karibu akitusikiliza. Akauliza kwa upole, “Huyo Firauni mnayebishana juu yake ni yule wa Musa?” Tukamwambia kwamba hakuna ushahidi unaomfanya kuwa yule. Akasema, “Basi mpeni jina lake, walimu,” akaenda zake. Tunakiri kwamba mihadhara yetu ya nadharia ya tafsiri haijapata kulisema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo. Rai yetu ni kwamba matini ya kihistoria itumie “mfalme”, na jina la mtu libaki jina la mtu. Firauni abaki pale alipo katika Kurani na katika methali zetu.

Tafsiri ya pili: Zaburi

Mwanafunzi wa pili alikwenda upande mwingine kabisa. Aliandika “Bwana”, “Mwenyezi”, “Mungu wa pekee”, akaweka “Ee” mwanzoni mwa karibu kila sentensi. Ni tafsiri inayosomeka vizuri kwa sauti, na wenzake walipoisikia walinyamaza. Mmoja alisema anaisikia kanisani.

Si ajabu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa mtaalamu wa Marekani James Henry Breasted, wasomi wamekuwa wakiulinganisha wimbo huu na Zaburi ya 104, ambayo nayo ina simba wanaotoka usiku, watu wanaoamka kwenda kazini na bahari yenye vyombo. Kutokana na ulinganisho huo kumezaliwa sifa kubwa kwa Akhenaten: kwamba ndiye mtu wa kwanza kumjua Mungu mmoja, na kwamba Musa alijifunza kwake. Sigmund Freud aliandika kitabu kizima juu ya wazo hilo mwaka 1939. Na kwa sisi Waafrika kuna kishawishi cha ziada, kwani tumechoka kuambiwa kwamba imani ililetwa kwetu na meli. Mwanafunzi wetu alimalizia karatasi yake kwa sentensi isiyokuwamo katika matini chasili, akisema kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya Mzungu.

Tunaielewa hamu hiyo na tunaiheshimu. Hata hivyo mhakiki ana wajibu wa kuuliza kama matini inaibeba. Ulinganisho wa picha si ushahidi wa mkopo. Mtu yeyote aliyeamka kabla ya jua, Amarna, Yerusalemu au Luzira, ameona wanyama wa usiku wakirudi na watu wakienda kazini. Tena, ile desturi ya kuitazama Misri kama shahada ya kuthibitisha kwamba na sisi ni watu inatusahaulisha ushahidi ulio karibu. Wachaga wa Kilimanjaro humwita Mungu Ruwa, na neno hilo ndilo la jua. Katika Kinyankole jua ni eizooba, na mojawapo ya majina ya Mungu ni Kazooba. Wazee wetu hawakungoja Akhenaten wala Breasted.

Kwa hiyo tafsiri ya kwanza na ya pili, ingawa zinapingana, zina ugonjwa mmoja. Zote zilijua jibu kabla ya kusoma swali. Moja ilikuta shetani, nyingine ikakuta nabii, na hakuna iliyokuta matini.

Tafsiri ya tatu: Jua amechomoza

Mwanafunzi wa tatu ndiye aliyekuja ofisini. Anatoka Ankole, na Kiswahili amekianza akiwa mtu mzima. Yeye alitumia neno “Jua” kwa herufi kubwa, akaandika “Jua amechomoza”, “Jua ameumba”, “Jua anawajua watoto wake”. Kalamu yetu nyekundu ilipita juu ya kila “a-” ikaandika “li-”. Jua ni ngeli ya ji-/ma-, jua limechomoza, kosa, kosa, kosa. Alipoteza alama nyingi kwa herufi moja.

Hapa ndipo tunapolazimika kujirudi. Katika Kimisri, neno aten lilikuwa neno la kawaida la duara la jua muda mrefu kabla ya Akhenaten. Kilichotokea ni kwamba neno la kitu lilipandishwa likawa jina la mwenye nafsi. Mtafsiri wa Kiswahili atalipandishaje? Herufi kubwa haisikiki. Ukisema “Jua limechomoza” kwa sauti, hakuna masikio yanayoweza kutofautisha mungu wa Akhenaten na jua la kuanikia mukene, au hata jua kali la mafundi wa pembeni mwa barabara. Kiswahili kina njia moja tu inayosikika ya kusema kwamba kitu hiki sasa ni nafsi, nayo ni upatanisho wa kisarufi.

Tena si njia ngeni. Neno “mungu” lenyewe kwa umbo ni la m-/mi-: mungu, miungu, kama mti na miti. Lakini hakuna Mswahili anayesema “Mungu umeumba”. Tunasema “Mungu ameumba”, na “miungu wao”. Vivyo hivyo mtume na mitume. Lugha ilikwishawahamisha hawa zamani bila kuomba ruhusa ya idara yoyote. Na Kinyankole, lugha ya mama ya mwanafunzi huyu, ilipotaka kulitoa jua katika vitu na kuliingiza katika majina, ilibadili kiambishi: kutoka eizooba likapatikana Kazooba. Mwanafunzi alikuwa amefanya kwa Kiswahili kile ambacho babu zake walikwishakifanya kwa lugha yao. Sisi tuliona kosa la ngeli mahali palipokuwa na uamuzi wa mtafsiri.

Alama zake zimerekebishwa, na tunamwomba radhi hadharani kwa kuwa tulimkosoa hadharani. Tunatoa rai pia kwamba walimu wenzetu, kabla ya kuandika “kosa” juu ya upatanisho, waulize kwanza mwandishi alikuwa anamtazama nani.

Swali ambalo wote watatu hawakuliuliza

Pamoja na sifa hizo, tafsiri ya tatu nayo ina upungufu, na upungufu huo ndio unaotufikisha katika kiini cha makala haya. Kwa kiasi kikubwa matini chasili haisemi “yeye”. Inasema “wewe”. Ni sala. Mungu anaambiwa, hasimuliwi. Kama mwanafunzi wetu angeshikilia nafsi ya pili mwanzo hadi mwisho, ugomvi wa “a-” na “li-” usingezuka, kwa kuwa “umechomoza” na “umeumba” havijali ngeli. Mbele ya “wewe” kila kitu ni nafsi.

Basi ni nani anayesema “wewe”? Swali hili linaonekana dogo, lakini wimbo mzima unaning'inia juu yake. Sehemu kubwa ya wimbo ni pana kuliko tunavyotarajia kwa mfalme wa zamani zile. Unasema kwamba Aten aliumba nchi za kigeni pamoja na Misri, Shamu na Kushi zikiwemo. Unasema kwamba watu wametenganishwa kwa lugha zao na rangi za ngozi zao, na kwamba kila mmoja amepewa riziki yake. Nile ya Wamisri inatoka chini ya ardhi, na mataifa mengine wamewekewa Nile yao mbinguni, yaani mvua. Kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa ambalo maji yake hutoka Jinja kuelekea huko huko Misri, wazo hilo lina ladha ya pekee, ingawa ni kweli kwamba yale mafuriko ya kila mwaka yaliyorutubisha mashamba yao yalitoka zaidi katika milima ya Ethiopia.

Lakini ukifika mwishoni mlango unafungwa. Wimbo unatamka kwamba hakuna mwingine amjuaye mungu huyu isipokuwa mwanawe, yaani mfalme. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba maneno haya yamechongwa katika kaburi la Ay, mtumishi wa mfalme. Ay anasimama mbele ya mungu anayemulika nchi zote, anamwambia “wewe”, kisha anakiri kwamba yeye hamjui. Sala inamkana mwenye kuisali.

Ukiitazama michoro baada ya hapo utaiona kwa jicho jingine. Vile viganja vilivyo mwishoni mwa miali vinaipeleka alama ya uhai puani mwa mfalme na malkia. Watumishi wamesimama pembeni, wameinama, na mkono haujawafikia. Jua linawaka juu ya wote, na uhai unatolewa kwa familia moja. Wachimbuaji waliofukua makaburi ya watu wa kawaida huko Amarna kuanzia mwaka 2006 walikuta mifupa ya watu waliokufa mapema, wenye dalili za lishe duni na migongo iliyoumizwa na mizigo. Na katika nyumba za mji huo huo zimepatikana hirizi za Bes na Taweret, miungu midogo ya uzazi na ya nyumbani. Watu wa kawaida walikuwa na watoto wa kuzaa na magonjwa ya kuombea, na mungu wa mfalme hakuwa na sikio kwao.

Sisi hatuoni haja ya kumwita Akhenaten firauni kwa hilo, wala ya kumwita nabii. Tunasema tu kwamba aliandikiwa wimbo ambao ulimfungulia mungu dunia nzima ukamfungia mdomo kila mtu isipokuwa mmoja. Hiyo ndiyo maudhui yake, na mtafsiri asiyeiona atakuwa ametafsiri maneno tu. Vilevile tunaona kwamba hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya imani hiyo kufa haraka. Mfalme alipokufa hapakubaki mtu aliyeruhusiwa kuijua.

Huku kwetu: Mutesa na wasomaji

Mambo haya si ya mbali. Upande wa pili wa mji wetu, Kasubi, amezikwa Kabaka Mutesa I, aliyetawala Buganda kuanzia katikati ya miaka ya 1850 hadi 1884. Naye aliwakuta wenye sauti ambao hakuwaweka yeye. Ziwa hili lilikuwa chini ya lubaale Mukasa, mwenye makao yake katika visiwa vya Ssese, na watu waliopandwa na lubaale waliweza kumwambia Kabaka mambo ambayo chifu hangethubutu. Uislamu ulikuwa umekwisha kufika katika ikulu ya baba yake, Suuna II, kwa wafanyabiashara kama Ahmed bin Ibrahim, aliyefika mwaka 1844. Mutesa aliushika kwa mkono wa mfalme. Kuanzia kama mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kumi hivi, akajenga msikiti, akawaamuru machifu wafuate. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa damu ya Kabaka haimwagwi.

Mwaka 1876 vijana wa ikulu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme na kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Makumi yao waliuawa. Wao walikuwa wameithubutu nafsi ya pili, yaani kumwambia Mungu “wewe” bila kupitia kwa Kabaka, na kisha kumpima Kabaka kwa neno hilo.

Hadi hapo Mutesa na Akhenaten wanafanana. Kinachowatenganisha ni kwamba huku kwetu imani haikufa na mfalme. Kwa maoni yetu sababu yake ni ya kilugha, na kwa hiyo ni ya idara yetu. Imani hizi zilikuja katika vitabu, na zilifundishwa kwa lugha ambayo haikuwa mali ya Kabaka. Stanley alipoondoka mwaka 1875 alimwacha ikulu Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, na Maandiko aliyomsomea Mutesa yalikuwa ya Kiswahili. Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, naye alianza kwa Kiswahili. Ndiyo maana Kiganda hadi leo kina maneno eddiini na ekitabo, na kitenzi okusoma kina maana mbili, kusoma kitabu na kusali. Waumini wa dini zote mpya waliitwa wasomaji. Septemba 1888 wasomaji hao, Waislamu na Wakristo pamoja, walimwondoa Mwanga, mwana wa Mutesa, katika kiti cha enzi. Yaliyofuata baina yao yalikuwa ya kumwaga damu, na hatuyapambi. Lakini jambo moja ni wazi: ukishamfundisha mtu kusoma, huwezi tena kumwambia kwamba ni mfalme peke yake ajuaye.

Hitimisho

Tumeanza na alama za mwanafunzi mmoja, na tunapenda kumalizia na suala linalotugusa sote katika idara hii.

Kiswahili nchini Uganda kimetangazwa mara nyingi kutoka juu. Mwaka 1973 Idi Amin alikifanya lugha ya taifa kwa amri. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatuyadharau maamuzi haya, na hilo la mwisho tumelipigania. Lakini amri ya 1973 ilikiachia Kiswahili jeraha ambalo halijapona. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu wanakumbuka lugha hii ikitoka katika mdomo wa askari kizuizini. Wamekifanya Kiswahili kile ambacho sisi tumemfanya Akhenaten: jina moja baya linalomeza kila kitu. Wanasema “Kiswahili” kama sisi tunavyosema “Firauni”, na hawaulizi ni kipi.

Dawa ya hilo haitapatikana katika tangazo jingine. Tangazo ni jua la Amarna, linawaka juu ya wote na mkono wake unamfikia aliye karibu na kiti. Dawa ni wasomaji, yaani watu wanaoweza kukishika Kiswahili wenyewe, wakakigeuza na wakakosea nacho kwa sababu nzuri, bila kuogopa kwamba kina mwenyewe. Yule mwanafunzi wa Ankole aliyeandika “Jua amechomoza” alikuwa mmoja wao, na walimu wake ndio waliotaka kumwambia kwamba lugha hii tunaijua sisi tu.

Muhula ujao zoezi litakuwa lile lile, na mahali ni pale pale Port Bell. Tutawaomba wanafunzi waandike “mfalme”, washike “wewe” hadi mwisho, na chini ya tafsiri waeleze kwa aya moja ni nani katika wimbo huo aliyeruhusiwa kusema. Mzee wa magunia, kama atakuwapo, tutamwomba akae nasi tangu mwanzo.